Tasnifu Haimaliziki Shimoni: PhD ya Akiolojia kutoka Murangi hadi Vaiva

Wenzangu, wapo watu wanaoamini kwamba PhD ya akiolojia ni kuchimba. Ukiwaambia unasoma akiolojia, swali la kwanza ni "mmepata dhahabu?" na la pili ni "sasa miaka yote hiyo mnachimba nini?" Ukweli ni kwamba kuchimba ndiyo sehemu fupi. Wiki sita za shimoni zinaweza kukupa kazi ya mezani ya miaka miwili, na hapo mezani ndipo wengi wanapokwama. Vigae viko kwenye mifuko, mifuko iko kwenye maboksi, maboksi yako stoo, na mwenye maboksi ana ajira, ana familia, na kila mwaka anasema "mwakani namaliza".

Katika fani nyingine, asiyemaliza tasnifu amejinyima cheti tu. Kwetu sisi ni zaidi ya hapo. Kuchimba ni kuharibu: tabaka la udongo ukishaliondoa, hulirudishi. Kinachobaki ni daftari lako, michoro yako, picha zako na maboksi yako. Usipoandika, umewanyang'anya watu historia yao halafu ukaificha stoo. Ndiyo maana nimeona niandike hatua kwa hatua nini kinahitajika ili mtu amalize na kutetea, hasa kwa ninyi mlio mwaka wa tatu na mlio kwenye MA mnaofikiria kuendelea.

Mfano wangu utakuwa Murangi, Musoma Vijijini, kwa sababu ndiko ninakotoka, na jambo linaeleweka vizuri likiwa na mahali. Mnaotoka Bunda, Butiama, Kondoa au Kilwa, badilisheni majina tu. Kanuni za vyuo zinatofautiana kidogo, kwa hiyo kitabu cha kanuni cha chuo chako kisome mwenyewe, usisimuliwe.

Kwanza: swali, si mahali

Kosa kubwa la propozo nyingi ni kuanza na "eneo fulani halijafanyiwa utafiti". Hiyo ni sababu ya kwenda kutembea. Tanzania nzima ina maeneo ambayo hayajafanyiwa utafiti. Jopo la idara litakuuliza: tukishajua ya Murangi, tutakuwa tumejua nini ambacho hatukukijua?

Tazama ukanda wa Ziwa Victoria. Kuna vyungu vinavyoitwa Kansyore, jina lililotokana na kisiwa kilichoko Mto Kagera upande wa Uganda. Waliovitengeneza walikuwa wavuvi, wawindaji na wakusanyaji. Walifinyanga vyungu zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, kabla ya kuwa na shamba wala zizi. Baadaye sana, yapata miaka 2,500 iliyopita, vinaanza kuonekana vyungu vya Urewe, jina la mahali pale Siaya, Kenya, ambavyo wataalamu wanavihusisha na wakulima na wafua chuma. Katikati wapo wafugaji. Kule Gogo Falls, kwenye Mto Kuja, kusini magharibi mwa Kenya, uchimbaji wa Peter Robertshaw miaka ya 1980 ulikuta vyungu vya makundi haya mahali pamoja, na mifupa ya mifugo pia. Sasa mjadala ni huu: wale wavuvi walihama, walimezwa na wageni, au wao wenyewe walianza kufuga taratibu huku wakiendelea kuvua?

Hilo ndilo swali. Rasi ya Majita na fukwe za Murangi ziko kusini mwa hapo, kando ya ziwa hilohilo. Ukisema "nataka kujua kama mabadiliko yaliyoonekana upande wa Kenya yalitokea vilevile upande wa Mara", jopo litakusikiliza, kwa sababu jibu lolote litakalopatikana, ndiyo au hapana, lina faida. Swali zuri la PhD ni lile ambalo hata ukikosa ulichotarajia bado una tasnifu.

Hapa pia lazima uoneshe umesoma. Huwezi kuandika kuhusu Mara bila kumtaja Audax Mabulla, aliyechapisha mwaka 2005 katika jarida la Azania makala kuhusu michoro ya miambani ya mkoa huo. Huwezi kuzungumzia masimulizi ya wazee na akiolojia bila Peter Schmidt, ambaye kule Kagera alifuata simulizi za Wahaya hadi Katuruka na kukuta mabaki ya ufuaji chuma wa kale. Mtahini akiona hujawataja waliokutangulia, anaanza kusoma kwa mashaka.

Pili: vibali

Hii sehemu haina utamu, lakini ndiyo inayoangusha ratiba za watu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, pamoja na marekebisho yake, inakataza kuchimba mambo ya kale bila leseni. Leseni inatolewa na idara ya Mambo ya Kale. Kuwa raia hakukuondolei hitaji hilo, wala kuchimba kwenye shamba la babu yako. Sheria hiyohiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na utakavyovichimba si mali yako. Wewe ni mtunzaji wa muda.

Pamoja na leseni unahitaji kibali cha utafiti. COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo yenye dhamana ya utafiti nchini, na mwanafunzi wa hapa kwa kawaida anapitia barua ya chuo chake. Barua hiyo inaanza safari: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Usiruke ngazi hata moja. Mtendaji wa Kijiji ndiye atakayekujulisha kwa wenyeji, na wenyeji ndio wenye mashamba. Ukitokea Murangi na koleo na vijana wanne bila mkutano wa kijiji, kabla ya jioni kila mtu atajua mmekuja kutafuta mali ya Mjerumani, na usiku watakuja wengine kuchimba pale mlipoacha.

Kisha kuna kibali cha tatu ambacho wengi hukikumbuka wakiwa wameshamaliza uwandani: cha kusafirisha sampuli nje ya nchi. Kama mkaa wako utapimwa Ulaya au Marekani, hauondoki bila kibali. Kiombe mapema.

Tatu: uwandani

Uwandani usiandike unachokiona tu, andika jinsi ulivyokipata. Mtahini hatakuwepo shimoni. Anachotaka kujua ni kama mtu mwingine angefuata maelezo yako angefika pale ulipofika.

Kwa hiyo: ulichaguaje sehemu za kutembea, kwa mistari au kwa kufuata nyayo za ng'ombe? Mashimo ya majaribio yalikuwa mangapi, yakiachana mita ngapi? Ulichimba kwa tabaka la asili au kwa vipimo vya sentimita 5 au 10? Udongo uliuchekecha kwa chekeche ya milimita ngapi? Swali la mwisho linaonekana dogo, ila kwa Murangi ndilo lenye uzito. Mfupa wa dagaa unapita kwenye tundu la milimita 5 kama maji. Ukichekecha kwa tundu kubwa halafu ukaandika "watu hawa hawakula samaki wadogo", umepima chekeche yako, hujapima watu.

Jambo jingine la kwetu ni ziwa lenyewe. Ufuo unaouona leo si ufuo wa zamani. Ziwa Victoria lilikauka kuelekea mwisho wa zama za barafu, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Hata karne hii na iliyopita limecheza: kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yalipanda tena hadi watu wakahama nyumba. Makazi ya wavuvi wa kale yanaweza kuwa chini ya maji, au yako mbali na maji ukayapita bila kuyatafuta. Sura yako ya mbinu lazima iliseme hilo kabla mtahini hajaliuliza.

Nne: maabara na tarehe

Vigae huoshwa, huandikwa namba, huhesabiwa, hupimwa, huchorwa. Mifupa hulinganishwa na mifupa inayojulikana. Watafiti wengi wa Tanzania hupanda basi kwenda Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa sababu kuna hazina kubwa ya mifupa ya wanyama ya kulinganishia. Kwa swali letu la Murangi hilo ni la lazima. Kipande cha jino la ng'ombe na cha nyati vinafanana kiasi cha kukudanganya, na tasnifu nzima inategemea kama uliyemkuta ni mnyama wa zizini au wa porini.

Halafu tarehe. Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na kwa kipimo hicho tunajua kiumbe kilikufa lini. Maabara za siku hizi hazihitaji mkaa mwingi, lakini sampuli moja inaweza kugharimu mamia ya dola. Kwa hiyo hutapima kila kitu. Utachagua, na utatakiwa kueleza kwa nini ulichagua.

Hapa kuna mitego mitatu ambayo mtu wa ziwani lazima aijue. Wa kwanza: kiumbe wa majini, samaki au konokono, anaweza kuwa na kaboni ya zamani kutoka kwenye maji, kwa hiyo akaonekana mkongwe kuliko alivyo. Ukiweza, pima mkaa au mfupa wa mnyama wa nchi kavu. Wa pili: mkaa wa gogo la mti ulioishi miaka 200 unaweza kukupa umri wa mti, si wa moto. Wa tatu: mchwa na mizizi huhamisha vitu. Kipande cha mkaa kilicho kando ya kigae huenda kilishuka jana. Chukua mkaa wa kwenye jiko la wazi, si ule unaoelea katikati ya udongo.

Tano: kuandika

Andika ukiwa bado una vumbi. Sura ya mbinu iandike mwezi uleule uliotoka uwandani, maana baada ya mwaka hutakumbuka kwa nini shimo namba 4 uliliacha. Sura ya matokeo iandike bila kubishana na mtu, yaani toa data tu. Mjadala una sura yake. Watahini wengi huanza na muhtasari, kisha hitimisho, kisha majedwali. Kama namba za vigae kwenye jedwali la sura ya tano hazilingani na za kiambatisho, amekushika hata kabla hajasoma nadharia yako.

Msimamizi mpelekee sura moja moja, si tasnifu nzima kwa mpigo. Akikupa komenti, jibu kila moja kwa maandishi: nimerekebisha ukurasa fulani, au sikurekebisha kwa sababu hii. Zoea hili mapema, kwa sababu mwishoni utalifanya kwa watahini pia. Vyuo vingi sasa vinadai pia makala zilizochapishwa au kukubaliwa na jarida kabla ya kuhitimu. Jarida linaweza kukaa na makala yako mwaka mzima, kwa hiyo usisubiri hadi tasnifu iishe. Takwimu za mashimo ya majaribio peke yake zinaweza kuwa makala ya kwanza.

Sita: kukabidhi

Unatoa taarifa ya kusudio la kukabidhi, miezi kadhaa kabla kulingana na kanuni, ili chuo kitafute watahini. Tasnifu inapitishwa kwenye programu ya kukagua kufanana kwa maandishi. Msimamizi anasaini. Nakala zinakwenda kwa watahini wa ndani na wa nje, nao wanaandika ripoti. Kipindi hiki cha kusubiri kinachosha kuliko kuchimba. Kitumie kusoma tasnifu yako kama vile imeandikwa na adui yako.

Saba: vaiva

Nchi hazifanani. Uingereza, kwa kawaida mtu anakaa chumbani na watahini wawili, mlango umefungwa. Marekani kuna kamati iliyokusimamia tangu mitihani ya awali, na huko Florida ndiko Bertram Mapunda alikomaliza mwaka 1995 kazi yake ya uhunzi wa kusini magharibi mwa Tanzania, na Mabulla mwaka uliofuata. Sweden tasnifu huchapishwa kwanza, na kwa mila yao hugongomewa msumari kwenye ubao wa chuo wiki tatu kabla, kisha mtu aitwaye mpinzani huichambua hadharani mbele ya yeyote anayetaka kuja. Felix Chami alipita njia hiyo Uppsala mwaka 1994, na kitabu chake juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza ndiyo tasnifu yenyewe aliyoitetea. Kwetu kuna mwenyekiti, watahini na jopo, unawasilisha kwa muda mfupi, kisha maswali.

Kwa tasnifu ya Murangi, mimi ningejiandaa kwa maswali haya.

"Kwa nini Murangi?" Usijibu "ni nyumbani". Jibu kwa swali la utafiti, halafu nyumbani iwe nyongeza: unajua lugha, unajua nani wa kumuuliza.

"Umejuaje kuwa hivi ni Kansyore na si kitu kingine?" Jibu kwa nakshi, udongo, mchanganyiko wake na unene, si kwa kusema "vinafanana na picha ya fulani".

"Tarehe zako umezirekebisha kwa mkondo gani?" Kuna mkondo wa kizio cha kaskazini na wa kusini, yote miwili ilitolewa upya mwaka 2020. Murangi iko karibu digrii 2 kusini mwa ikweta, ambapo ukanda wa mvua hupanda na kushuka na hewa za pande mbili huchanganyika. Hakuna jibu moja takatifu. Kuna jibu lenye sababu, na kuna kukodoa macho.

"Vyungu vikibadilika, watu wamebadilika?" Hili ndilo linaloangusha wengi. Mwanamke wa Kijita anaweza kununua chungu sokoni kwa Mkerewe, na hajawa Mkerewe. Chungu si kabila. Sema ushahidi wako unafika wapi na unaishia wapi.

"Data yako inaweza kuelezwa vipi tofauti na ulivyoeleza?" Ukiwa na jibu la hili, umeshafaulu nusu. Aliyefikiria maelezo mbadala na kuonesha kwa nini hayatoshi ndiye mtafiti. Anayesema hakuna maelezo mengine bado ni mwanafunzi.

Usipojua, sema hujui na eleza ungefanyaje ili ujue. Watahini ni watu wazima, wanatambua mtu anayebabaisha. Pia usigombane. Mtahini akisema jambo usilokubaliana nalo, mwambie: "Asante Profesa, nimelisikia. Sababu iliyonifanya nichague njia hii ni…" Heshima si kukubali kila kitu.

Nane: masahihisho

Ni wachache sana wanaotoka bila la kurekebisha. Kwa kawaida uamuzi ni mojawapo ya haya: umefaulu hivyohivyo, umefaulu kwa masahihisho madogo, umefaulu kwa masahihisho makubwa, rudi ukaandike upya na uwasilishe tena, au umekataliwa. Watu wanashangilia masahihisho madogo, wanapumzika mwezi, mwezi unakuwa mitatu, tarehe ya mahafali inapita. Wenzangu, udaktari haupo mpaka masahihisho yathibitishwe na nakala zilizojalidiwa zifike maktaba. Andaa jedwali: komenti ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Fanya wiki ileile ambayo mambo bado yako kichwani.

Tisa: deni ambalo halimo kwenye kanuni

Kanuni zinadai nakala kwa idara, kwa maktaba, na matokeo yafike kwa waliotoa leseni. Kijiji hakimo kwenye orodha hiyo. Mimi nadhani kinatakiwa kiwemo.

Tasnifu zetu za akiolojia tunaziandika kwa Kiingereza. Bibi wa Murangi aliyekuonesha mahali ambapo jembe lake hugonga vigae hataisoma. Mwalimu wa historia wa sekondari ya kata hana nakala. Matokeo yake mtoto wa pale anafundishwa Olduvai, anafundishwa Kilwa, na kuhusu ufuo anaooga kila siku hajui lolote, isipokuwa kwamba mababu zake "walihamia". Kama hakuna anayemwambia kwamba kandokando ya ziwa hili watu walivua na kufinyanga vyungu maelfu ya miaka iliyopita, basi siku mashine ikija kuchota mchanga hapo hataona kuna cha kupoteza, na hatakuwa na kosa.

Kwa hiyo napendekeza kila tasnifu ya akiolojia iwe na kurasa kumi za Kiswahili chepesi, zenye picha na ramani, zipelekwe shule na ofisi ya kijiji, na mtafiti asimame mkutanoni azieleze. Hiyo nayo ni vaiva. Wazee wa Majita wanauliza maswali magumu kuliko profesa yeyote, na hawana muda wa kusikiliza nadharia. Watakuuliza: "Sasa mwanangu, hao watu walikuwa nani, na walikwenda wapi?" Ukiweza kujibu hapo kwa lugha yao, bila kuongeza chumvi na bila kujificha nyuma ya maneno makubwa, joho lako litakuwa halali.

Mwenye maboksi stoo, yafungue wiki hii. Anza na boksi moja.